Asidi inayoyeyusha nyama, mbona haili tumbo lenyewe? Naombeni ushauri

Mgongo_Chuma: Wakuu, heshima kwenu. Natumia diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya mgongo. Sasa chembe cha moyo kinawaka moto, hasa usiku. Naambiwa asidi imezidi, nitafune tu vidonge vya kuipoza. Je, ni kweli? Na hiyo asidi, mbona siku zote haikuniunguza?

Kibwebwe: Vidonda vya tumbo hivyo. Piga maziwa.

Daftari la Zamu: Maziwa yanapoza kwa muda, kisha yanalichochea tumbo litoe asidi zaidi. Achana nayo.

Mkuu, huenda asidi yako haijazidi hata kidogo. Tumbo la mtu mzima hutoa kama lita 1.5 hadi 2 za majimaji kwa siku, yakiwa na pH ya 1 hadi 2 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo asidi ni kali, 7 si asidi tena). Ni makali kweli, lakini asidi hiyo haihifadhiwi ndani ya seli: viambato vyake husukumwa nje na hukutana huko. Pepsini nayo, ile ya kukata protini, hutolewa ikiwa bado imelala, asidi ndiyo inayoiamsha. Halafu ukuta mzima umepakwa ute mzito wenye bikaboneti, chumvi inayozima asidi, kiasi kwamba chini ya ute huo pH inakaribia 7. Seli za juu zikichakaa, mpya huchukua nafasi ndani ya siku chache.

Anayesimamia ulinzi huo kwa sehemu kubwa ni prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe: huagiza ute, bikaboneti na damu ya kutosha ukutani. Diklofenaki inapunguza maumivu kwa kuzuia prostaglandini, na haichagui za mgongoni peke yake. Umeona tatizo lilipo?

Mgongo_Chuma: Duh! Basi nihamie sindano?

Daftari la Zamu: Haikuokoi, inafika tumboni kupitia damu. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie kila kitu, akubadilishie au akuongezee omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, ambayo humezwa kama nusu saa kabla ya kula.

Nusu Kijiko: Aombe na kipimo cha H. pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo; kipo cha choo au cha pumzi. Daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa bakteria huyo mwaka 1984 ili aaminiwe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Akikutwa naye, atahitaji antibiotiki, vidonge vya kutafuna havimuui.

Daftari la Zamu: Sahihi. Na ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usisubiri majibu ya uzi huu, nenda hospitali saa hiyohiyo.