Sindano ya dupilumab kwa ugonjwa sugu wa mapafu: majaribio yanamhusu nani?

Binti_Pangani:
Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wote. Mama yangu, aliyepikia kuni tangu usichana wake na hajawahi kuvuta sigara, ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, na ingawa anatumia dawa za kuvuta kila siku, bado huzidiwa hadi kulazwa. Je, majaribio ya sindano ya dupilumab yanamhusu mgonjwa kama yeye?

Mfamasia_Mvita:
Pole kwa kuuguza, dada. Jaribio la BOREAS, lililochapishwa mwaka 2023, liliwahusisha wagonjwa 939 ambao, licha ya kutumia dawa tatu za kuvuta kwa pamoja, walikuwa wakiendelea kuzidiwa. Kwa wiki 52 baadhi yao walidungwa dupilumab kila baada ya wiki mbili na wengine sindano isiyo na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepata ipi. Waliopata dawa walizidiwa kwa wastani wa mara 0.78 kwa mwaka, na wenzao mara 1.10, yaani pungufu ya asilimia 30; jaribio la pili, NOTUS, likaleta matokeo yanayokaribiana na hayo. Kwangu huo ni ushahidi mzito, ila waliochaguliwa walikuwa na eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zisizopungua 300 katika kila mikrolita.

Tabibu_Msaidizi:
Naafiki. Inafaa kukumbuka kwamba benralizumab, kingamwili inayoangamiza eosinofili zenyewe, ilishindwa kufikia lengo katika majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2019. Dupilumab huziba kipokezi kinachotumiwa na interlukini 4 na interlukini 13, protini za mwili zinazochochea uvimbe, na hii ya pili huchochea pia makohozi, kwa hiyo uvimbe wa njia za hewa si kazi ya eosinofili peke yake.

Kuhusu kuni, washiriki wa BOREAS walikuwa wavutaji wa sigara au waliowahi kuvuta, hivyo matokeo yake hayawezi kuhamishiwa kwa mama moja kwa moja. Tena, kwetu minyoo nayo hupandisha eosinofili, na maelekezo ya dawa hii yanataka itibiwe kwanza.

Binti_Pangani:
Ahsanteni sana. Nianzie wapi?

Mfamasia_Mvita:
Mwombe daktari wake kipimo cha damu cha FBP, kinachohesabu chembe za damu, na cha choo. Eosinofili zikibaki juu baada ya minyoo kutibiwa, hapo ndipo mazungumzo ya sindano yatakuwa na msingi.