Mada: Nimeitwa kikao cha nidhamu, nijiunge na chama gani cha wafanyakazi?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nasafisha ofisi usiku hapa London chini ya mkandarasi. Mwezi uliopita sikulipwa saa tisa za kazi. Nilipouliza nikapewa barua: kikao cha nidhamu Alhamisi. Je, nikijiunga na chama, viza haitaharibika?

—

Marahaba mdogo wangu, pole sana.

Usiingie peke yako. Sheria ya Uingereza ya 1999 inakupa haki ya kwenda na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama, hata kama mkandarasi hakitambui chama hicho. Anaruhusiwa kukusemea, ila maswali unayoulizwa utajibu mwenyewe. Kama Alhamisi hana nafasi, pendekeza siku nyingine inayofaa ndani ya siku 5 za kazi zinazofuata, lazima wakubali. Andika barua pepe, usimwombe msimamizi kwa mdomo pale kwenye ngazi. Beba hati za mshahara na picha za ratiba ya zamu.

Vyama vya wafanyakazi vya IWGB (kilianzishwa 2012) na UVW (2014) vimejengwa na watu wa kazi kama yako, wengi wao wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini. Wasafishaji wa chuo cha LSE waligoma na UVW mwaka 2017 mpaka chuo kikakubali kuwaajiri chenyewe. Wenzao wa hospitali ya St Mary's, Paddington, waligoma 2019, na mwaka uliofuata wakapata mikataba ya NHS, huduma ya afya ya serikali. Kudai saa kwa mkandarasi kila mwezi ni kutwanga maji kwenye kinu. Hawa walidai mkandarasi mwenyewe aondoke, na kwangu mimi hapo ndipo penyewe.

Ila vyama vingi havibebi kesi iliyoanza kabla hujajiunga. Watakushauri, pengine basi. Ndiyo maana nawasihi na ninyi mnaosoma kimya kimya: jiungeni kabla barua haijafika.

Kuhusu viza, kuwa mwanachama hakuvunji sharti lolote. Lakini kama mwajiri ndiye mdhamini wako, muone wakili wa uhamiaji kabla ya kikao, maana ukifukuzwa kazi viza nayo inaguswa.

—

Ahsante sana dada. Nimeshaandika kuomba Jumanne, na mwenzangu wa zamu amekubali kuingia nami. Zamu yetu tuko wanne wa nyumbani na Wakongo wawili wa Kinshasa. Wote wanataka kujiunga pamoja. Kuna anayeweza kututafsiria Kilingala Jumamosi mchana?