Arusha au Moshi: tunahamia Desemba, naomba vigezo vya kuchagulia

MamaWatatu

Habari zenu wakuu. Tunahama Dar es Salaam kwenda kaskazini, watu sita: sisi wawili, watoto wa miaka 2, 5 na 9, na bibi yao wa miaka 71 ambaye magoti humsumbua sana kukiwa na baridi. Mume wangu anafanyia kazi nyumbani kwa mtandao, ila mara moja kwa mwezi anapanda ndege. Mpango ni kupanga nyumba mwaka mmoja, halafu tununue kati ya robo heka na heka moja, tujenge, tufuge ng'ombe wawili wa maziwa na kupanda migomba na parachichi.

Kila ninayemuuliza ananiambia "Arusha kuna hela" au "Moshi ni pasafi". Hayo nimeyasikia. Nachoomba ni vitu vya kukagua: hali ya hewa, maji, udongo na taratibu za kununua. Ahsanteni.

Mteremko

Dada, weka majina ya mikoa pembeni kwanza, uulize mwinuko. Arusha mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki 1,000. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua karibu nyuzi 0.6, kwa hiyo kati ya miji hiyo miwili kuna tofauti ya nyuzi tatu hivi. Kwa magoti ya bibi, nyuzi tatu za mwezi Julai ni nyingi.

Watu hukosea hapa: wanasikia "Moshi kuna joto", wanaenda kununua Kibosho juu, Machame au Marangu. Huko ni mita 1,400 na zaidi, baridi ni ileile ya Arusha na ukungu wa mlima juu yake. Kuanzia Juni hadi Agosti jua linaweza kujificha siku kadhaa mfululizo, nguo hazikauki na kuta zinatoa unyevu. Ukitaka joto la Moshi, kaa Moshi penyewe au vitongoji vyake vya chini kidogo.

La pili ni upande wa mlima. Milima yote miwili, Meru wa Arusha na Kilimanjaro wa Moshi, hupokea mvua nyingi upande wa kusini na kusini-mashariki. Kwa Meru, upande huo ni Tengeru, Nkoaranga na Usa River: kijani karibu mwaka mzima. Ukizunguka magharibi, Kisongo hadi Oldonyo Sambu, ni mlima uleule lakini umeingia kwenye kivuli cha mvua: pakavu, upepo na vumbi. Kilimanjaro ni hivyohivyo. Kuanzia Machame mpaka Marangu kuna mvua, ila ukishuka Rombo ya chini au tambarare za Siha, ukame unakukuta. Kwa hiyo mtu wa Tengeru na mtu wa Uru, Kilimanjaro, wanafanana kilimo kuliko mtu wa Tengeru na wa Kisongo, ingawa hao wawili wa mwisho ni wa mkoa mmoja.

Kaka_Njiro

Arusha ndiyo yenye mzunguko. Utalii, mikutano, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu. Maji yasikutishe, chemsha tu unywe.

Maji_Salama

Kaka Njiro, kwa heshima, hapo kwenye kuchemsha napinga, na ninaomba MamaWatatu asilipite bila kulisoma, kwa sababu ana watoto wa miaka 2 na 5.

Maji ya eneo la Meru yana floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floraidi. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki kwenye maji machache zaidi. Hata vichungi vya kauri vya kawaida haviiondoi. Na huwezi kuitambua kwa macho wala ulimi: maji meupe, baridi, matamu ya kisima kirefu yanaweza kuwa mabaya kuliko ya mto.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwenye mteremko wa Meru, hasa upande wa Ngurdoto na Maji ya Chai, kuna vyanzo vinavyozidi miligramu 10. Madhara ya kwanza ni meno ya kahawia yenye vishimo. Meno ya utu uzima hujengeka ndani ya ufizi hadi mtoto anapofika miaka 8 hivi, kwa hiyo wa miaka 9 sehemu kubwa ya hatari hiyo imempita, ila wawili wadogo ndio wamo katikati yake. Akinywa miaka mitatu ndipo uhame, doa limeshaingia, litaonekana jino likichomoza. Kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa na viungo huathirika, na hapo bibi naye anahusika.

Lakini nisieleweke kwamba maji yote ya Arusha ni mabaya na ya Moshi yote ni mazuri. Visima viwili vilivyoachana mita mia chache vinaweza kutofautiana kabisa. Maji ya bomba la mamlaka mjini Arusha hutoka vyanzo mbalimbali, kwa hiyo mtaa na mtaa si sawa. Moshi mjini wanategemea zaidi chemchemi za miguuni mwa Kilimanjaro, kama Nsere na Shiri, na kwa jumla wako vizuri zaidi. Kilimanjaro nayo ina maeneo yake: tambarare za Hai kuelekea KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) zina floraidi ya kupinda mifupa.

Ukiipenda sehemu lakini maji yamepita kiwango, njia ni mbili. Ya kwanza ni chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia inayofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto. Inafanya kazi vizuri, ila mkaa huchoka: baada ya muda unaacha kukamata floraidi na maji yanaendelea kutoka meupe vilevile. Usipoyapima yale yanayotoka, utakunywa floraidi ukiamini umechuja. Mifupa iliyochomwa vibaya nayo huacha harufu na rangi kwenye maji, watoto wakayakataa.

Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 800 kwa mwaka, toa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 64,000. Kunywa na kupikia kwa watu sita, lita 5 kila mmoja, ni lita 30 kwa siku. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni kama siku 150: lita 4,500. Kwa hiyo simtanki la lita 5,000 lililojaa mwisho wa Mei linawavusha, mradi lifungwe kwa ajili ya kunywa na kupikia tu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwage, kadiria lita moja kwa kila mita ya mraba ya bati, kisha ndipo uelekeze bomba kwenye tanki. Haya ya tanki ndiyo ya kuchemsha, kwa ajili ya kinyesi cha ndege.

Na jambo moja ambalo wageni hawaambiwi: magadi. Ya kulainishia makande, maharage au mboga yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana. Kuna familia za Kilimanjaro zenye maji mazuri kabisa ambazo watoto wao wana meno ya kahawia kwa sababu ya chungu. Loweka maharage usiku kucha, magadi yaache dukani.

Kaka_Njiro

Nimeelewa, nafuta ushauri wa kuchemsha. La kazi nabaki nalo, ila kwa kuwa mume wa MamaWatatu anafanya kazi kwa mtandao, kipato chao hakitegemei mji, sioni kama lina uzito kwao. Uwanja wa KIA uko katikati ya miji yote miwili, na umbali kati ya Arusha na Moshi ni kama kilomita 80, kwa hiyo kwa safari moja ya mwezi hakuna mshindi.

BomaKati

Basi kwa nini asichukue katikati kabisa, Bomang'ombe au karibu na KIA? Viwanja vikubwa, tambarare, uwanja wa ndege mlangoni.

Maji_Salama

Soma nilichoandika kuhusu tambarare za Hai. Juu ya hilo, ni kukavu, na ng'ombe wawili wa maziwa wanataka lita 120 hadi 160 kwa siku za kunywa peke yake.

Mpimaji_Ardhi

Nakazia. Vilevile, ardhi inayopakana na uwanja imekuwa na mgogoro wa muda mrefu wa mipaka kati ya uwanja na vijiji. Bomang'ombe mjini penye viwanja vilivyopimwa ni habari nyingine, ila usinunue kipande cha tambarare kwa maneno ya dalali.

Sasa kuhusu kununua, kwa sababu hapa ndipo mikoa hii inapotofautiana hasa.

Ukanda wa migomba wa Kilimanjaro ni vihamba. Kihamba ni ardhi ya ukoo: ndimo walimozikwa wazee, na kwa mila kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Anayekuuzia anaweza kuwa na haki ya kulima na asiwe na haki ya kuuza. Dalili ya hatari ni bei ya haraka, muuzaji anayeishi mjini, na makaburi ndani ya mipaka. Dai kikao cha ukoo, chenye kaka zake na shangazi zake wote, waweke saini kwenye muhtasari mmoja. Kihamba kisichouzika hata kwa bei kubwa si jambo la kushangaa huko. Heshimu, tafuta kwingine.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kukugawia. Inapita halmashauri ya kijiji, ikaidhinishwa na mkutano mkuu. Omba kuona muhtasari, si mhuri tu. Majirani wa pande zote nne wasimame kwenye mipaka yao siku hiyohiyo.

Kiwanja cha mjini chenye hati: fanya upekuzi rasmi kwa msajili wa hati kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Upekuzi unaonyesha jina, mkopo wa benki, zuio. Kisha nenda mipango miji uone kama kiwanja kimechorwa makazi au eneo la wazi. Kama ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza. Bila hiyo mauzo yanaweza kutenguliwa. Pima mwenyewe kwa kamba uone kiwanja kiko nje ya hifadhi: mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu, mita 60 kutoka ukingo wa mto. Arusha ina makorongo mengi ambayo Septemba ni makavu na watu wanayauza kama viwanja.

Fundi_Msingi

Mimi ni udongo tu. Ukipelekwa kuona eneo Agosti, tafuta nyufa ardhini. Ukiona ufa unaoingiza kidole, rangi nyeusi, na udongo ukiloweshwa unavutika kama unga wa chapati, huo ni mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Nyumba inapasuka pembe za madirisha mwaka wa kwanza. Upo kwenye baadhi ya tambarare za kusini mwa Arusha na pia chini ya Moshi. Chimba shimo la mita moja na nusu kwenye pembe mbili za nyumba. Ukikuta ardhi ngumu au moramu (kifusi cha changarawe) ndani ya kina hicho, ondoa mfinyanzi wote, rudishia moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa. Usikubali mtu amwage yote kwa mara moja ashindilie juu. Ukikosa ardhi ngumu, hama eneo au lipia mhandisi. Nondo nyingi za kukisia hazisaidii.

Mabogini na kuelekea TPC (mashamba ya miwa kusini mwa Moshi) na Kahe, kagua mwezi wa Aprili. Maji mengi ya upande wa kusini wa mlima hushukia huko, karo hujaa, na mashamba ya mpunga yana mbu ambao mjini juu hutawaona.

Mteremko

Kwa mifugo: ng'ombe mmoja wa kilo 400 anakula kilo 40 na zaidi za majani mabichi kila siku. Wawili kwenye robo heka yenye nyumba ndani yake haiwezekani bila kununua majani, na Januari na Septemba bei yake inapanda. Parachichi kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, heka nzima inachukua miche kama 80. Kwa hiyo amueni: nusu heka ya ng'ombe na migomba, au heka moja ndipo muongeze parachichi kidogo.

MamaWatatu

Ahsanteni sana, nimepata nilichokitafuta. Tutapanga Moshi mjini kwa ajili ya bibi na meno ya wadogo, na mwaka huo tutafute eneo upande wa Uru ya chini na Tengeru, popote maji na karatasi vitakapokubali. Maji_Salama, sampuli inachukuliwaje?

Maji_Salama

Chupa ya plastiki ya lita moja, isiwe ya kioo. Acha bomba litiririke dakika tatu, suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze mpaka juu, funga. Bandika karatasi: kijiji, aina ya chanzo, tarehe, saa. Peleka maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, taja kwa mdomo kwamba unataka floraidi, maana kuna vipimo vya jumla visivyoigusa. Ukitaka na vijidudu, chukua kwao chupa yao iliyotakaswa na uirudishe siku hiyohiyo. Pima mara mbili, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Kama mwenye kisima atakataa usichukue sampuli, hicho kisima usikinunue.