Laini za simu na akaunti za mzazi: tuzipange vipi?

Swali (Jinja, Uganda): Wapendwa, baba yetu ana pesa kwenye simu, hisa za SACCO na picha za familia kwenye Google. Je, inatosha atuandikie namba zake zote za siri daftarini?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Anayetoa pesa za marehemu kwa namba yake ya siri anaingilia mirathi, na sheria inamkataza. Baba aorodheshe laini na akaunti tu, kisha wasia wake umtaje msimamizi, atakayekwenda mahakamani na cheti cha kifo cha NIRA, mamlaka ya usajili wa watu Uganda.

Jibu: Wasia huo usainiwe mbele ya mashahidi 2, ikiwezekana wasio warithi.

Jibu: Picha nazo zisisahaulike, kwani hazirudi! Google humruhusu baba achague miezi 3, 6, 12 au 18 ya akaunti kutotumika, kisha vitu alivyochagua vifikishwe kwa watu aliowataja, wasiozidi 10.