Blender au After Effects? Nataka kulipia wikiendi hii

Chorachora: Wakuu habari zenu. Nataka kulipia After Effects ya mwaka mzima, ila jamaa yangu ananing'ang'aniza Blender kwa sababu ni bure. Ipi kali kwa animesheni?

Fundi Fremu: Animesheni ipi mkuu? Katuni za kuchora, 3D, au maandishi ya tangazo? Mashine ina RAM kiasi gani? Unaulizia kiatu bila kutaja namba ya mguu.

Bi Kalamu: Blender, mjadala ufungwe. Iko huria tangu 2002, na kwa Grease Pencil, zana yake ya kuchorea, unachora 2D humo humo. Katuni ndefu iliyobeba Oscar 2025 imetengenezwa nayo.

Mzee wa Leya: Oscar walibeba watu, siyo programu. Nembo na maandishi ukifanyia Blender utazeeka. After Effects unapanga leya zako, yaani tabaka za picha na maandishi, kazi inatoka.

Kipanga: Kabla hujalipia soma hapa. Nilikuwa na programu ya kulipia kila mwezi, jina kapuni. Nikamaliza tangazo la mteja, kazi zikakata, nikaacha kulipia. Siku mteja akarudi: "badilisha namba ya simu tu, ile ya mwisho." Namba ya simu tu! Mafaili ninayo kwenye diski, programu imejifunga, na mradi haufunguki kwingine kokote. Huduma kwa wateja wananiambia lipia kwanza. Hela yenyewe inazidi ya marekebisho. Nikachukua video iliyokwisharendiwa, yaani iliyotolewa tayari kwa kutazamwa, nikaziba namba ya zamani kwa kiboksi cheusi, juu yake nikaandika mpya. Mteja akauliza, mbona tangazo lina kiraka?

Fundi Fremu: Kiraka! 😂😂

Mzee wa Leya: Ndiyo maana unatoa video bila maandishi, na maandishi kando kama picha za PNG zenye alfa, yaani nyuma yake kuna uwazi.

Bi Kalamu: Hapo nakubali. Ukirenda MP4 moja kwa moja, mashine ikizima katikati faili zima kwisha. PNG kila fremu ni picha yake, unaendelea ulipoishia.

Chorachora: Samahani wakuu, ni za kufundishia watoto hesabu, nachora kwa mkono. Dakika mbili mbili. Laptopu RAM 8, kadi ya picha ni ile ya ndani ya prosesa.

Fundi Fremu: Si ungesema mapema! Achana na zote mbili. Kwa kuchora katuni chukua OpenToonz, huria tangu 2016, au Krita. Kuunganisha na sauti, DaVinci Resolve ya bure.

Bi Kalamu: Resolve kwenye RAM 8? Unamtakia mema kweli? Kuhariri atumie Kdenlive.

Mzee wa Leya: Kwanza ahesabu michoro. Dakika 2 kwa fremu (picha) 24 kila sekunde ni fremu 2,880. Kila mchoro ukikaa fremu 2, unachora 1,440.

Kipanga: Mtandaoni weka 30.

Mzee wa Leya: 30 ya nini kwenye katuni? Unamwongezea mtoto wa watu michoro 360 bure.

Fundi Fremu: Mimi natumia 25.

Kipanga: 25 na mchoro wa fremu mbili mbili? Sekunde moja michoro 12 na nusu, hiyo nusu unaichoraje?