Dogo katengeneza gemu ya maandishi ya wapagazi wa Tendaguru, nimwambieje ukweli?

mjomba wa Mitwero

Wakuu habari za jioni. Mpwa wangu kamaliza form six, yupo hapa kwangu Lindi anasubiri matokeo, badala ya kushinda kijiweni kaandika gemu kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Haina picha hata moja, ni maneno tu, unasomewa ulipo halafu unaandika unachotaka kufanya, inakujibu. Wewe ni mpagazi mwaka 1910, Wajerumani wanachimba mifupa ya mijusi ya kale (dinosaria) kilima cha Tendaguru na wewe umepewa mfupa mmoja uufikishe Lindi mjini kwa miguu, siku nne. Basi. Jana nimeicheza mpaka wali ukaungua jikoni.

Uzuri wake aisee dogo anajua kuandika. Unapopewa mzigo inakwambia "Mfupa huu ulikufa kabla ya babu wa babu yako na bado unataka kubebwa." Nilicheka peke yangu. Halafu huwezi kubeba vitu kumi kama gemu nyingine, una kichwa na una mkono mmoja, ukishika kibuyu cha maji huwezi kushika chemli, na hapo unaanza kufikiria kweli kama mtu mwenye kiu.

Ubaya sasa. Siku ya kwanza nilitaka kupumzika chini ya mkwaju, ikawa hivi:

> weka mfupa chini
Sielewi.
> shusha mfupa
Sielewi.
> acha mfupa
Sielewi.
> pumzika
Huwezi kupumzika na mzigo kichwani.

Nusu saa wakuu. Nusu saa nimesimama na mfupa kichwani. Nikamwita, kaja anacheka eti "andika *tua* mjomba." Na siku ya tatu nilikufa, sijaambiwa kitu, nimeandika "nenda mashariki" nimeliwa na simba, na hakuna kuseivu, naanza upya Tendaguru. Yeye anataka niseme ni nzuri au mbaya. Sitaki kumvunja moyo ila sitaki kumdanganya pia.

Mama Chikongola

Mi naona hilo la tua dogo yuko sahihi mia kwa mia na wewe mjomba ndo umesahau kwenu 😂 mzigo wa kichwani unajitwika halafu unautua, ukisema "weka chini" unaongea kama mtu wa ofisini. Bibi yangu huku Mtwara angelisikia hilo "shusha" angekuuliza unashusha kutoka kwenye lori?

Ila sasa asimkomoe mchezaji. Tua libaki ndo neno la gemu lakini weka, shusha, acha vyote avikubali vifanye kazi ileile, halafu gemu ijibu "Umeutua mzigo", mtu anajifunza neno bila kutukanwa. Na hiyo Sielewi moja kwa kila kitu ni uvivu. Kama kitenzi hakijui iseme hakijui, kama kitu hakipo hapo iseme "huoni mkuki hapa". Mtu akijua amekosea wapi havunji simu.

fundi_kompyuta_Ligula

Mjomba muulize dogo hivi, ukiandika "kichukue" inafanya nini? Nauliza kwa sababu hapa Kiswahili kinampa zawadi na sidhani kama kaiona. Gemu za Kizungu mtu akiandika "it" mashine inabaki kukisia unaongelea kitu gani, sisi kiambishi kinasema chenyewe. Kichukue ni kibuyu, ichukue ni chemli, uchukue ni mfupa. Anahitaji tu kuandika kila kitu na ngeli yake pembeni, nusu ya kazi imeisha. Ikitokea vitu viwili vya ngeli moja, mfupa na mkuki mfano, hapo ndo iulize "upi?". Na avikate viambishi vya mwanzo vya vitenzi, watu tutaandika nachukua, ninachukua, nimechukua, nataka kuchukua, zote mzizi ni chukua. Hiyo ndo sababu kubwa watu wataiacha dakika ya tano, wala sio hadithi.

Kifo cha simba: kuua mchezaji ruksa, ila kuwe na dalili. Nyayo, nyani wanapiga kelele, mwenzako anakataa kupita. Akipuuza, aliwe salama. Na kuseivu aweke leo leo, ni mistari michache tu ya faili.

mwl wa historia

Nimesoma kwa hamu maana hii mada nafundisha. Ndugu mjomba, kuna mahali mpagazi anavuka mto Mbemkuru?

mjomba wa Mitwero

Ndio mwalimu, siku ya pili, kuna mamba.

mwl wa historia

Basi dogo kapotea njia. Mbemkuru uko kaskazini ya kilima cha Tendaguru na Lindi iko kusini mashariki, huyo mpagazi wake anarudi nyuma na mfupa kichwani. Mamba awahamishie kwingine.

Kingine, 1910 ni miaka mitatu tu tangu Maji Maji iishe 1907, na baada ya vita ikaja njaa huku kusini kote. Wapagazi wake wanaongea kweli kama watu waliotoka humo? Na msimamizi wao asiwe Mjerumani tu, alikuwepo Boheti bin Amrani, jina lake limeandikwa, anafaa kuwemo. Uchimbaji ulikuwa 1909 mpaka 1913, na mifupa ya mjusi mmoja ilisimamishwa makumbusho ya Berlin 1937, na jinsi ilivyosimamishwa sasa urefu wa kwenda juu ni zaidi ya mita 13.

Halafu jambo moja. Will Crowther, aliyetengeneza ile gemu ya pango miaka ya 1975 na 1976 ambayo hizi zote zimetoka humo, pango lile alikuwa amelitambaa mwenyewe kule Kentucky na kulipima. Ndo maana watu waliolijua walikuwa wanatambua njia. Sehemu ipi ya gemu ya dogo ilikushika kuliko zote?

mjomba wa Mitwero

Daah mwalimu. Ya mwisho, anapoingia Lindi mjini. Anasikia harufu ya bahari kabla hajaiona, chumvi kwenye midomo, watoto wanamkimbilia kuuliza kabeba nini. Hiyo njia dogo kaipita kila siku akitoka shule. Tendaguru hajawahi kufika.

Nimemsomea majibu yenu yote. Tua kagoma kuitoa ila kakubali maneno mengine, ngeli kakaa kimya halafu kakimbilia kompyuta, ya Mbemkuru imemuuma. Sasa hivi kaja ananiuliza pikipiki mpaka Tendaguru kwenda na kurudi shilingi ngapi. Mwenye kujua bei ya kiangazi aseme.