Naomba ushauri: kutafuta matangazo ya waume walioachwa katika magazeti ya Kihawaii

Habari zenu wakuu. Nakusanya yale matangazo mafupi ya waume katika gazeti la Kihawaii, Ka Nupepa Kuokoa (1861–1927): mke kaondoka nyumbani, mume anawaonya watu wasimkopeshe kwa jina lake. Kwa anayetafuta maisha ya watu wa kawaida, haya yana utamu kuliko habari za ikulu.

Shida ni kuyapata kwa kutafuta neno katika nakala za gazeti zilizosomwa na kompyuta. Wachapaji wa wakati ule kwa kawaida hawakuweka alama ya kikomo cha koo (ʻ, sauti inayokatwa kooni) wala ya irabu ndefu, kwa hiyo naandika haalele (kuacha) badala ya haʻalele, na mare badala ya male kwa ndoa. Bado yanatoka machache. Nikifungua picha ya ukurasa naona sababu: herufi ndogo, wino umevuja, kompyuta imesoma h kama b na u kama n. Tena neno lililokatwa mwisho wa mstari, haa-lele, linahesabiwa mawili. Nimejaribu aie (deni), yakaja matangazo ya madeni ya marehemu, lundo zima.

Mnatumia vipande gani vya maneno vinavyostahimili makosa hayo? Na matangazo haya yalikuwa na ukurasa wake, au nipitie kila toleo kwa macho?